Kusafiri Uholanzi ukiwa kuchu: maswali ninayoulizwa kila mara

Nimeishi Utrecht, mji wa Uholanzi, kwa miaka kumi na mmoja. Kila mwaka, ikifika mwezi wa nne, simu yangu hujaa ujumbe wa sauti kutoka Mombasa, Dar, Kampala na Goma, na siku hizi hata Muscat. Watu wanataka kuja, na wanauliza yale yale: viza, hoteli, Pride (sherehe yetu ya kila mwaka), kushikana mikono, kurudi nyumbani salama. Nimeyaandika majibu hapa ili yeyote anayehitaji ayapate bila kulazimika kujieleza kwanza kwangu.

Neno "kuchu" nalitumia kwa kuwa ndilo tunaloitana wenyewe, sisi tunaopenda watu wa jinsia yetu na sisi watu wa trans, kuanzia Kampala hadi Pwani. Maneno tuliyotupiwa utotoni sikuyapakia kwenye sanduku langu.

Kwa nini Uholanzi, na si nchi nyingine ya Ulaya?

Kwa sababu ndiyo nchi ya kwanza duniani kuruhusu watu wa jinsia moja kuoana. Saa sita ya usiku wa kuamkia tarehe 1 Aprili 2001, meya wa Amsterdam, Job Cohen, alifungisha ndoa nne palepale katika ukumbi wa jiji. Mwaka 2023 katiba iliongezwa maneno: kifungu cha kwanza, kile kinachokataza ubaguzi, sasa kinataja waziwazi mwelekeo wa kimapenzi pamoja na ulemavu.

Msidhani walizaliwa hivyo. Hapa Utrecht, katika uwanja wa Domplein chini ya mnara wa kanisa kuu, kuna jiwe dogo ardhini. Watalii hulikanyaga bila kujua. Limewekwa kuwakumbuka wanaume walioshtakiwa kwa "dhambi ya Sodoma" kuanzia mwaka 1730. Kesi zilianzia Utrecht zikasambaa nchi nzima, na watu wengi wakanyongwa. Hata karne ya 20, kuanzia 1911 hadi 1971, walikuwa na kifungu cha sheria, 248bis, kilichoweka umri wa juu zaidi kwa wapenzi wa jinsia moja kuliko kwa wengine, na watu walifungwa kwa ajili yake. Nalipita jiwe hilo kwa baiskeli nikienda kazini. Kila mgeni wangu mimi humpeleka hapo kwanza, kabla ya Amsterdam, kwa sababu wengi wetu tumelelewa tukiambiwa kwamba huku "ni desturi yao." Si kweli. Watu walipigania.

Nahitaji viza?

Ukiwa na pasipoti ya Kenya, Tanzania, Uganda, Kongo, Rwanda, Burundi au Oman, ndiyo: viza ya muda mfupi ya Schengen, yaani kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, inayokuruhusu kukaa hadi siku 90 ndani ya kila siku 180. Ukiwa na pasipoti ya Uingereza, Marekani au Kanada, huhitaji kwa matembezi ya muda huo.

Ada kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, na hairudishwi ukinyimwa. Unaruhusiwa kuomba miezi sita kabla ya safari, na usichelewe hadi zikabaki chini ya siku 15. Kwa wanaotaka kuja kiangazi nasema hivi: ombeni mapema kadiri inavyowezekana, maana nafasi za miadi huisha kabla hujakusanya hata taarifa ya benki. Bima ya safari lazima ifikie angalau euro 30,000. Wanachokitafuta zaidi ni sababu ya wewe kurudi kwenu: kazi, biashara, masomo, watoto, shamba lenye hati. Weka vithibitisho hivyo juu kabisa ya faili.

Kwenye maombi, niseme mwenyeji wangu ni nani yangu?

Hili ndilo linalowanyima watu usingizi. Mwenyeji wako akikudhamini, atajaza fomu ya udhamini na malazi, na sahihi yake itathibitishwa na manispaa anakoishi. Karatasi zako utazikabidhi katika kituo cha kupokea maombi, ambacho kwa kawaida kina wafanyakazi wenyeji, yaani watu wa mji wako. Kazi yao ni kuangalia kama karatasi zimetimia na kuchukua alama za vidole. Uamuzi hutolewa na serikali ya Uholanzi yenyewe.

Ushauri wangu: usidanganye, na usieleze zaidi ya ulichoulizwa. Kama ni rafiki, ni rafiki. Kama ni mpenzi na mnataka uhusiano huo uhesabiwe, mwenyeji aandike barua fupi ya ukweli kwa lugha ya kikazi, bila mapambo. Usiseme ni binamu yako. Uongo mdogo kwenye viza huja kukusimamia mbele miaka mingi baadaye, siku unapoomba kitu kikubwa zaidi.

Hotelini watatuuliza chochote tukitaka kitanda kimoja?

Hapana. Sheria ya mwaka 1994 inakataza mwenye biashara kumbagua mteja kwa sababu hiyo. Mara ya kwanza tulipolala hotelini mimi na mwenzangu, nilikuwa nimeshaandaa hadithi nzima kichwani: kwamba sisi ni wafanyakazi wenza, kwamba chumba cha vitanda viwili kilikuwa kimejaa. Dada wa mapokezi aliuliza jambo moja tu, kama tungependa kifungua kinywa. Nilibaki na hadithi yangu mdomoni.

Bei ni jambo jingine. Amsterdam hutoza kodi ya utalii ya asilimia 12.5 juu ya bei ya chumba, na mara nyingi haionekani mpaka unapolipa. Lala Haarlem au Utrecht, panda treni asubuhi. Haarlem ni robo saa tu, Utrecht chini ya nusu saa.

Tunaweza kushikana mikono barabarani?

Mnaweza. Nitawajibu kwa urefu hapa, kwa sababu "ndiyo" peke yake ingewadanganya.

Kwetu Pwani, wanaume wawili wakishikana mikono wakitoka msikitini, hakuna anayegeuza shingo. Ni marafiki. Mkono huo huo Uholanzi una maana moja tu: hawa ni wapenzi. Kwa hiyo ndugu zangu wanaume, hata mkija na rafiki wa kawaida kabisa, jueni mnasomwa hivyo. Ni jambo la ajabu kulizoea. Kwetu mtaficha pendo ndani ya urafiki. Huku urafiki wenu utachukuliwa kuwa pendo.

Katikati ya Amsterdam, Utrecht, Leiden au Nijmegen, mchana, hakuna neno. Lakini kuna mitaa, na kuna saa za usiku, ambapo hata Waholanzi wenyewe huachilia mkono. Mwezi Aprili 2017 wanaume wawili waliokuwa wameshikana mikono walipigwa vibaya mjini Arnhem. Siku moja au mbili baadaye wanasiasa Alexander Pechtold na Wouter Koolmees, ambao hawakuwa wapenzi, walitembea wameshikana mikono hadi kwenye mazungumzo ya kuunda serikali mjini The Hague. Wanaume wengi nchini wakafanya vivyo hivyo. Lilikuwa tendo zuri, na lilihitajika kwa sababu hatari ilikuwa ya kweli.

Mie mwenyewe nimewahi kutemewa mate nikisubiri treni na mwenzangu, saa nne usiku. Hatukuumizwa. Ila kwa miezi miwili sikumshika mkono nje ya nyumba, na hilo liliniumiza kuliko mate yenyewe. Nawaambieni haya ili mkija msijilaumu siku mkiogopa. Angalia watu walioko karibu, sikiliza tumbo lako. Mkono unaweza kuachwa na ukashikwa tena kona inayofuata.

Na ubaguzi wa rangi?

Upo. Utaukuta kwenye programu za kutafuta wapenzi, watu wakiandika waziwazi ni rangi gani hawaitaki, na wengine wakikutaka kwa sababu ya rangi tu, jambo ambalo nalo linachosha. Utaukuta pia mlangoni mwa baa siku nyingine. Ukihisi umezidiwa na weupe wa kila kitu, panda metro uende Bijlmer, Amsterdam kusini-mashariki. Kuna Wasurinam, Waghana, kila mtu. Agiza roti ya Kisurinam: chapati laini, mchuzi wa kuku, viazi, maharage mabichi, unakula kwa mkono. Mgeni wangu mmoja kutoka Tanga alipoonja alinyamaza, halafu akasema, "Huyu mpishi ni wa kwetu."

Pride ni lini, na inakuwaje?

Gwaride la boti kwenye mifereji ya Amsterdam kwa kawaida hufanyika Jumamosi ya kwanza ya Agosti, na lilianza mwaka 1996. Boti kama themanini hupita polepole kwenye mto Amstel na mfereji wa Prinsengracht, kila moja na kundi lake: madaktari, polisi, wanajeshi, wazee, makanisa. Mwaka 2026 Amsterdam imepewa uenyeji wa WorldPride, yaani Pride ya dunia nzima, kuanzia 25 Julai hadi 8 Agosti, katika mwaka wa 25 tangu zile ndoa nne za usiku. Vyumba vya siku hizo huisha mapema mno.

Kutazama ni bure. Fika kabla ya saa nne asubuhi kama unataka kukaa ukingoni, beba maji, kofia na koti la mvua, kwani jua la Agosti hapa halina ahadi. Usisimame kwenye daraja ukipenda kupumua. Tafuta ukingo ulionyooka. Kama umati unakutisha, au hutaki kuingia kwenye picha za watu maelfu, njoo Utrecht mwezi Juni. Tuna gwaride letu la boti, dogo na la kirafiki zaidi. Pia kuna Jumamosi ya Waridi, Roze Zaterdag, iliyoanza kama maandamano mwaka 1977 na huhamia mji tofauti kila mwaka.

Nje ya Pride, twende wapi?

Anzeni Homomonument, mnara wa kumbukumbu ya watu wetu, Westermarkt, pembeni ya kanisa la Westerkerk. Lilizinduliwa tarehe 5 Septemba 1987, kazi ya msanii Karin Daan. Ni pembetatu tatu za mawe ya rangi ya waridi, kwa kumbukumbu ya alama ambayo Wanazi waliwashonea wafungwa wanaume waliopenda wanaume. Moja iko sawa na ardhi na inaelekea nyumba ya Anne Frank, yule msichana Myahudi aliyejificha humo wakati wa Wanazi. Moja imeinuka kama jukwaa. Ya tatu ni ngazi zinazoshuka hadi majini, kwenye mfereji wa Keizersgracht, na ncha yake inaelekea mnara wa kumbukumbu ya vita ulioko uwanja wa Dam.

Kaeni kwenye zile ngazi. Siku za kawaida mtakuta wanafunzi wanakula mikate, hawana habari, na karibu na miguu yao pameachwa ua moja au mawili na kadi iliyoloa. Tarehe 4 Mei, saa mbili usiku, nchi nzima hunyamaza dakika mbili kuwakumbuka waliokufa vitani, na watu hukusanyika hapo pia. Nilikwenda mwaka wangu wa kwanza. Mzee mmoja aliyesimama mbele yangu aliinama, akaweka waridi kwenye ngazi ya chini kabisa ambako maji yanafika, akabaki ameinama muda mrefu, mpaka kijana asiyemjua akamshika kiwiko kumsaidia kusimama. Sijawahi kusahau ile koti yake ya kahawia.

Jioni nendeni Café 't Mandje, Zeedijk. Ilifunguliwa mwaka 1927 na Bet van Beeren, mwanamke aliyependa wanawake na aliyejulikana kwa kuendesha pikipiki na kukata tai za wateja kwa kisu na kuzitundika darini. Dari bado limejaa vitu. Wanawake watapenda Saarein, mtaa wa Jordaan, iliyoanza 1978. Vijana wa muziki na dansi, mtaa wenu ni Reguliersdwarsstraat.

Asiyetumia pombe asijione hana pa kwenda. Katika maktaba kuu ya Amsterdam, OBA, dakika chache kwa miguu kutoka stesheni kuu, kuna IHLIA, hazina ya vitabu, magazeti na mabango ya historia yetu. Kuingia ni bure na pana joto. Nimeshinda hapo siku nzima za mvua.

Angalizo moja: "café" ni baa au mkahawa, "coffeeshop" ni duka la bangi. Mama mmoja mtu mzima alinipigia simu kutoka ndani ya coffeeshop akiuliza mbona hakuna maandazi.

Mimi ni Mwislamu, navaa hijabu. Nitaonekana kituko?

Kuna watakaokutazama, baadhi kwa sababu ya hijabu, baadhi kwa sababu uko na mwenzako huku umevaa hijabu. Hakuna anayekutaka uchague. Amsterdam kuna Secret Garden, taasisi inayowapokea watu wetu wakiwemo wakimbizi na Waislamu, na hapo hutaeleza kwa nini unafunga Ramadhani na pia unampenda unayempenda. Nyama halali imejaa kila mji.

Mimi ni mtu wa trans, jinsia yangu si ile niliyoandikiwa nilipozaliwa. Pasipoti yangu haifanani nami.

Kisheria pasipoti ni halali mradi ni yako. Mpakani sasa huchukuliwa picha ya uso, na alama za vidole huchukuliwa au kulinganishwa na zile za viza, kwa mfumo ulioanza kutumika Oktoba 2025. Beba nyaraka zenye jina lile lile la pasipoti: tiketi, bima, hoteli, vyote. Ukiwa na barua ya daktari, iweke kwenye begi la mkononi pamoja na homoni zako. Kwenye ukaguzi wa mwili una haki ya kuomba ufanyiwe faragha. Uholanzi yenyewe iliondoa sharti la upasuaji katika kubadili jinsia kwenye nyaraka mnamo Julai 2014, kwa hiyo maofisa wengi si wageni wa jambo hili. Kituo kigumu zaidi mara nyingi ni uwanja wa kwenu wakati wa kuondoka, basi fika mapema, na vaa kile kitakachokupitisha kwa amani.

Naishi na VVU. Watanikatalia kuingia?

La. Uholanzi haina kizuizi chochote cha kuingia kwa sababu ya VVU. Beba ARV za kutosha safari nzima na wiki mbili za ziada, kwenye makopo yake, pamoja na barua ya kliniki. Anayetumia PrEP, dawa ya kujikinga na VVU, afanye vivyo hivyo. Usitegemee kuinunua ukifika.

Tunaweza kufunga ndoa tukiwa matembezini?

Hapana. Lazima angalau mmoja wenu awe raia wa Uholanzi au mkazi wa huko. Najua swali hili huulizwa kwa moyo mzito, na natamani jibu lingekuwa jingine.

Nikifika nikaona siwezi kurudi?

Kama maisha yako yako hatarini, una haki ya kuomba hifadhi. Tarehe 7 Novemba 2013 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kesi iliyotoka Uholanzi, ya wanaume watatu, mmoja wao Mganda. Ilisema mtu hawezi kuambiwa arudi kwao akajifiche ili aepuke mateso. Uamuzi huo unatuhusu moja kwa moja.

Lakini usiipange kama sehemu ya utalii. Anayefika kwa ndege anatakiwa kuomba palepale Schiphol, uwanja wa ndege wa Amsterdam. Aliyekwisha kuingia nchini huenda kituo cha waombaji hifadhi cha Ter Apel, kaskazini. Baada ya hapo ni kambi, mahojiano, na kungoja muda mrefu sana. Utaulizwa habari za ndani kabisa za moyo wako kupitia mkalimani. Zungumza na mwanasheria kabla ya neno la kwanza. COC, chama cha kutetea haki zetu kilichoanzishwa mwaka 1946, kina mpango uitwao Cocktail wa kuwapatia waombaji hifadhi marafiki wa kuwasindikiza. Nimekuwa mmoja wa marafiki hao. Wanaofika na ushahidi wao ukiwa umepangwa husikilizwa vizuri zaidi.

Tukishambuliwa au kutukanwa?

112 kwa dharura. Kwa jambo lisilo la haraka, 0900-8844. Omba kuzungumza na Roze in Blauw, mtandao wa polisi ambao wenyewe ni watu wetu. Ripoti hata tusi. Sisi tuliotoka kwenye nchi ambako polisi ndio tishio tunanyamaza mno.

Usafiri wa ndani?

Kutoka Schiphol hadi stesheni kuu ya Amsterdam ni dakika kama kumi na tano kwa treni. Gusisha kadi ya benki unapoingia na unapotoka, na usisahau unapotoka. Njia nyekundu ni ya baiskeli. Usisimame hapo kupiga picha.

Nikirudi nyumbani, nifanye nini na simu?

Hapa ndipo ninapowasihi kuliko pengine popote. Tanzania, kifungu cha 154 kinaweza kumfunga mtu maisha. Kenya ni miaka 14, na Mahakama Kuu ilikataa kukifuta mwezi Mei 2019. Uganda sheria ya 2023 inafika hadi kunyonga. Rwanda na Kongo hazina sheria ya namna hiyo, ila majirani na jamaa wanajitungia yao.

Basi, kabla ya kupanda ndege: futa programu za kutafuta wapenzi, si kuzificha tu. Toka kwenye makundi ya Pride. Picha zipakie mahali penye nywila ambayo haimo kwenye simu, kisha uzifute, na ufute pia kwenye kapu la zilizofutwa. Zima kipengele kinachorekodi mahali kwenye kamera kabla hata ya kuondoka kwenu. Waombe rafiki zako wasikutaje wala kukuweka alama kwenye mitandao, na uwaombe siku ya kwanza, si ya mwisho. Bendera ndogo, bangili ya upinde wa mvua, tiketi ya baa, risiti: kagua mifuko yote, hata ule mdogo wa ndani ya jinzi.

Kwa ajili ya hayo, nyumbani kwangu kuna kasha la bati lililokuwa la biskuti. Wageni wangu huchapisha picha zao duka la karibu, wanaziweka kwenye bahasha, wanaandika jina wanalolijua wao tu. Wengine huacha na bangili. Yule wa Tanga bahasha yake ina miaka sita sasa. Mwaka jana alinitumia ujumbe wa sauti kuuliza kama bado ipo. Niliitoa, nikaitikisa karibu na simu ili asikie picha zikigongana ndani, nikairudisha.